Chiriku Wanne wa Bi Netta

Mtaa wa Kinnaird 14, fleti ya chini kushoto,
Methil, Fife.
Jumapili, 27 Novemba 2016

Mpendwa Shangazi Effie,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye baridi hadi huko Dunedin, upande wa pili wa dunia, ambako najua mnatoa nguo za kiangazi kabatini na kutucheka. Goti lako linaendeleaje tangu ufanyiwe upasuaji? Na mzee wako Stuart, bado anabishana na daktari kuhusu chumvi? Natumaini nyote mko salama na mnakula vizuri.

Mimi sijambo. Habari za Baba zinakuja. Usiruke mistari kuzitafuta, nakujua.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nimekununia. Mara ya mwisho tulipozungumza ulinikatia simu, baada ya kuniambia kwamba nimeuziwa mbuzi kwenye gunia na sasa nataka kumlaza kaka yako ndani ya jokofu. Nilikasirika, Shangazi, hasa kwa vile siku ile hukuwa mbali na ukweli. Sasa hasira zimeisha, nina chai mkononi, na nitakueleza yote tangu mwanzo.

Unajua Baba alivyoingia hospitali mwezi wa tisa, mapafu yakiwa yamechoka kabisa. Kule alikokuwa akiishi, ghorofa ya tatu na ukuta unaotoka ukungu, madaktari walikataa asirudi. Walisema wazi: apatikane nyumba ya chini, kavu, yenye joto mchana na usiku, na mtu wao aje aikague kufikia tarehe kumi na saba Novemba. La sivyo, kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa kwenye nyumba ya kulelea wazee huko Perth. Baba hajawahi kulala Perth hata siku moja. Aliposikia hivyo aligeukia ukutani, na kwa siku mbili hakula.

Ndiyo nikanunua fleti hii, kwa akiba yote ya miaka ishirini na sita ya kupika chakula cha shule. Muuzaji alikuwa Bi Netta Drysdale. Unamkumbuka marehemu mumewe, Dod, aliyefanya kazi na Baba chini ya ardhi kwenye machimbo ya makaa. Binti yake aliye Aberdeen aliona mama ameanza kusahau mambo, akamhamishia kwenye nyumba za wazee hapo mwisho wa mtaa. Mkaguzi wa nyumba alikuwa ameandika kuhusu boila, ile mashine ya gesi ya kupashia nyumba joto, kwamba "ipo, haikujaribiwa". Mimi pia niliiona ipo. Ilikuwa imetundikwa ukutani jikoni, kubwa kama kabati, na rejeta, yale mabamba ya ukutani ya kutoa joto, zilikuwepo kila chumba. Nikaridhika.

Nilipokea ufunguo Ijumaa ya tarehe nne. Mezani nilikuta sufuria ya supu ya shayiri, bado ya uvuguvugu, na karatasi yenye mwandiko wa Bi Netta: "Boila ikigoma, igonge ubavuni mara mbili, chini kidogo ya kioo. Tumia mwiko uliotundikwa hapo. Usitumie chuma, inachukia." Na kweli mwiko ulikuwepo, umefungwa utepe mwekundu kama zawadi.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angepiga simu. Lakini sisi watu wa huku, Shangazi, mtu akitukanyaga mguu tunamwomba radhi. Mwanamke amekuachia supu, utamwambia boila yake mbovu? Nikashika mwiko. Nikagonga, ikanguruma, rejeta zikapata moto, nikajiona fundi.

Jumamosi nikagonga. Jumapili nikagonga mara tatu. Kila asubuhi niliamka kichwa kinanigonga na mimi, na miguu mizito kama nimetoka kuvuna viazi. Nilisema ni rangi ya ukuta, maana nilikuwa napaka chumba cha Baba. Jumatatu nilimwaga maziwa ya watoto shuleni nikiwa nimesimama tu, na mkuu wangu akaniuliza kama nimeanza ulevi.

Jumanne Bi Netta alikuja, eti kuangalia kama barua zake zimefika huku. Barua hazikuwepo, na nadhani alijua hazipo. Aliliangalia jiko lake, akagusa pazia, akakaa kwenye kiti kilekile ambacho bila shaka amekikalia miaka arobaini. Nikachemsha chai.

"Hapo juu ya dirisha nilikuwa natundika chiriku," akaniambia. "Baada ya Dod kufariki, nyumba ilinyamaza mno. Nikanunua ndege wa kuniimbia."

"Yuko wapi sasa?"

"Alikufa. Wote walikufa, mwanangu. Wanne, misimu miwili tu ya baridi. Wa kwanza nilisema ni uzee. Wa pili nikasema upweke. Wa tatu alikuwa na roho mbaya, yule sikumlilia. Wa nne ndiye aliyeniuma, maana aliniimbia jioni, asubuhi nikamkuta amekufa ndani ya tundu."

Tukacheka kidogo kuhusu yule wa roho mbaya. Akaniambia pia, kama mtu anayesema habari za hali ya hewa, kwamba tangu ahamie kule mwisho wa mtaa kichwa kimeacha kumuuma na anakumbuka hata majina ya wajukuu. Aliona ni chakula chao. Nami nikaona ni chakula chao.

Kesho yake, Jumatano saa tisa alasiri, nilikuwa wodini kwa Baba. Alikuwa na mpira wa hewa puani na uso wa mtu anayesubiri hukumu. Ili kumchangamsha nikaanza kumsimulia vituko vya Bi Netta: mwiko, utepe, supu, nikafika kwenye chiriku. Nilimwigiza hata yule wa roho mbaya. Nilitegemea angalau atabasamu.

Baba akauvua mpira puani.

"Ndege wangapi?"

"Wanne. Baba, rudisha mpira wako."

"Tundu lilitundikwa wapi?"

"Jikoni. Juu ya dirisha, karibu na—"

"Karibu na boila." Alishika mkono wangu, na Shangazi, sikujua kama bado ana nguvu zile. "Na wewe unalala wapi?"

"Chumba cha pili, mlango unaofuata."

"Kichwa kinakuuma?"

Nikashika paji la uso. Alinitazama kama alivyonitazama nilipokuwa na miaka saba, siku niliyochungulia kisima cha jirani.

"Miaka thelathini na mmoja nimeshuka chini na tundu la chiriku," akasema, akivuta pumzi kila maneno mawili. "Hewa ikiwa na sumu, yeye ndiye wa kwanza kunyamaza. Akinyamaza, unaacha sururu, unaacha koti, unakimbia. Huulizi ni uzee au upweke. Mjinga wewe! Leo usilale mle. Piga simu sasa hivi, hapa mbele yangu."

Nikapiga hapohapo, mbele yake na mbele ya muuguzi aliyekuja mbio kumrudishia mpira. Watu wa dharura wa gesi walifika mtaani kabla yangu. Walifungua madirisha yote, wakaweka kipimo chao jikoni, kipimo kikalia. Wakafunga gesi na kubandika karatasi nyekundu kwenye boila, kukataza mtu yeyote asiiwashe. Mmoja wao aliuona mwiko na utepe wake, akatikisa kichwa. Nililala kwa mwenzangu wa kazini, na asubuhi kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa kichwa hakikuniuma.

Kimya kingi kina mshindo, Shangazi. Tumesema methali hiyo maisha yetu yote, na chiriku wanne walipoisema wao hakuna aliyewasikia.

Alhamisi akaja fundi wa gesi, Kirsty Imrie, mjukuu wa mchimbaji na yeye pia. Alifungua kifuniko, akamulika tochi, akapiga mluzi. Bomba la kutolea moshi lilikuwa limepasuka nyuma, mahali pasipoonekana, na ile sumu isiyo na harufu ilikuwa ikirudi ndani. Kisha akapanda ngazi kukagua tundu la hewa juu ya mlango. Akaingiza mkono akatoa gazeti, likifuatwa na gazeti jingine, hadi magazeti manne yaliyosokotwa na kushindiliwa kwa ustadi.

"Kuna mtu aliziba upepo," akasema. "Hii haiponi, dada. Mpya tu. Ufunguo ulipewa lini?"

"Ijumaa."

"Wakili wako hakukwambia? Mnunuzi ana siku tano za kazi kusema joto la nyumba lina kasoro. Ukisema ndani ya siku hizo, muuzaji anagharimia. Zikipita, mzigo ni wako. Siku tano zako zinaisha kesho saa kumi na moja jioni."

Nilikaa chini. Wakili alikuwa ameniambia, ndiyo, na imo kwenye makaratasi. Lakini niliitumia wiki hiyo kugonga boila ya watu kwa mwiko, kwa adabu. Na sasa mfukoni sikuwa na kitu cha kununulia boila nyingine, na mkaguzi wa hospitali alikuwa anakuja baada ya siku saba. Nyumba baridi maana yake Perth.

Nilikuwa na ripoti ya Kirsty mkononi, kazi ilikuwa kuipeleka tu kwa wakili. Unajua nilifanya nini? Niliiweka kwenye mfuko wa koti nikazunguka nayo. Nilimfikiria Bi Netta na supu yake. Ajuza wa miaka themanini na mbili ameuza nyumba ili alipie kitanda cha uzeeni, nimpelekee barua ya wakili? Ijumaa ikafika, ikawa saa nne, ikawa saa nane, na ripoti ingali mfukoni. Nilijiona mwema. Kumbe wema wenyewe ulikuwa unamsukuma Baba kwenda Perth.

Saa tisa hivi nikaenda kwake. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu ajue kwangu kabla hajajua kwa mtu mwingine. Nilimweleza polepole: bomba, sumu, magazeti. Halafu nikamweleza kuhusu ndege.

Mikono yake ilikuwa inalainisha sketi magotini, inalainisha tena.

"Kwa hiyo sikuwa nasahau," akasema.

"Hapana, Bi Netta. Nadhani ilikuwa gesi."

"Binti yangu alileta daktari. Nilichora saa, mishale nikaiweka vibaya. Wakasema ndiyo hivyo tena." Akatazama kile chumba chake kidogo, kitanda na kiti kimoja na dirisha la kuangalia maegesho. "Nimehama kwangu kwa sababu ya tundu lililozibwa."

Nililia, Shangazi, mimi ndiye niliyelia na yeye akanitafutia kitambaa. Nilipoutoa mkono mfukoni, ripoti ikatoka nao. Akaiokota, akaisoma kwa miwani yake yote miwili, mmoja juu ya mwingine.

"Hii unayo tangu lini?"

"Jana."

"Na mwisho ni lini?"

"Leo. Saa kumi na moja."

"Baba yako Eck Pattullo amelala hospitali anasubiri joto, na wewe umebeba karatasi mfukoni kwa kunionea haya mimi?" Alikuwa amesimama tayari. "Haya zako hazitampasha moto, mwanangu. Nipe kofia yangu. Ile ya kijani, siendi kwa wakili na hii."

Basi tukaenda, mkono kwa mkono, muuzaji na mnunuzi, muuzaji akiharakisha kwenda kujishtaki. Kwenye kilima cha posta ilibidi nimwambie apunguze mwendo. Tuliingia kwa Bwana Haldane, wakili, saa kumi na dakika arobaini. Akatutazama mmoja mmoja.

"Huyu ni nani?"

"Mimi ndiye mlalamikiwa," akasema Bi Netta. "Andika haraka, una dakika ishirini."

Bwana Haldane alisema haifai pande mbili kukaa ofisi moja. Bi Netta akamwambia basi atasubiri kwenye ngazi, lakini hapo kwenye ngazi kuna upepo, na akifa kwa nimonia itabidi amshtaki na yeye. Wakili akaandika. Barua iliondoka saa kumi na moja kasoro dakika sita.

Binti yake wa Aberdeen alifoka kwenye simu, na simlaumu. Mwisho tulikubaliana mimi na Bi Netta kugawana gharama, ingawa sheria ilikuwa upande wangu, na mwenzangu wa kazini akanikopesha sehemu yangu. Bwana Haldane anasema mimi ni mteja mgumu kusaidiwa. Kirsty alifunga boila mpya Jumatano ya tarehe kumi na sita, akatoboa tundu jipya la hewa, akabandika ukutani kengele ya kutambua sumu. Alhamisi mkaguzi wa hospitali alikuja na kipima joto, akapita chumba hadi chumba, akavua koti, kisha akavua sweta. Akasema: "Aje."

Baba alirudi nyumbani Jumanne iliyopita. Sasa umepata habari zako, Shangazi. Anakohoa, lakini analala. Kaka yako analala usiku mzima akiwa amejifunika blanketi moja, na asubuhi analalamika kwamba nimempika kama kiazi. Kulalamika huko kwangu ni muziki.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Siku Baba aliporudi, Bi Netta alikuja kumjulia hali, akamletea yale magazeti. Kirsty alikuwa amemwekea. Moja ni la Januari 2013, na mle ndani kuna fumbo la maneno ambalo Dod alikuwa amelijaza nusu kwa mkono wake kabla ya kulisokota na kuzibia lile tundu la hewa. Mtu aliyekaa chini ya ardhi maisha yake yote akihofia hewa, alikuja kuiziba hewa nyumbani kwake kwa sababu mkewe alisikia baridi miguuni. Bi Netta akalilaza mezani, akalinyoosha.

"Eck, niambie. Na yeye je? Ni hilo pia lilimuua?"

Baba hakusita. "Dod alikufa kwa mapafu, Netta. Makaa. Kama tutakavyokufa sote. Nilikuwa kitanda cha jirani, nilimsikia mwenyewe."

Bi Netta akaitikia kwa kichwa, akalikunja gazeti akaliweka kifuani. Sijui kama Baba alisema kweli. Sikumbuki kama mwaka ule alilazwa. Sikumwuliza, na nakuomba na wewe usimwulize.

Nimempa Bi Netta ufunguo wangu wa akiba. Anakuja kila siku saa nne, anakaa kwenye kiti chake, wanabishana na Baba hadi chakula cha mchana. Hajabisha hodi hata mara moja. Mwiko bado umetundikwa, tunaukorogea uji.

Na jana Baba alimtuma Kirsty, maana sasa Kirsty ni mtu wa nyumbani, akamletee chiriku kutoka kwa mfugaji wa Leven. Nikasema tunayo kengele ukutani. Baba akasema kengele ina betri, na betri hajawahi kushuka nayo chini. Tundu likatundikwa palepale juu ya dirisha.

Bi Netta alipoingia akaliona, akasimama mlangoni na koti lake. Hakutaka kukaa. Ndege aliimba, akaimba, na yeye bado amesimama. Mara akanyamaza.

Shangazi, hakuna aliyepumua. Baba, ambaye kwenda choo ni safari, alikuwa amekwisha kushika mikono ya kiti kuinuka. Nilikuwa nimemshika Bi Netta kiwiko kumvuta nje. Chiriku akainama, akadonoa mtama wake, akajipangusa mdomo kwenye kijiti, akaanza tena kwa sauti kubwa kuliko mwanzo.

Bi Netta akavua koti.

Nisalimie Stuart, na umwambie chumvi kweli ni mbaya. Nisalimie Isobel na mapacha wake, na yule Fergus ambaye hajui kuandika barua. Baba anakusalimu, anasema uje kabla ya mwaka mpya kumalizika, kuna kitanda na kina joto. Bi Netta naye anakusalimu ingawa hamjaonana tangu mlipocheza dansi ukumbi wa wachimbaji; anasema ulimkanyaga. Mungu awalinde na awape pumzi ndefu, na madirisha yenu yafunguke kwa urahisi.

Mimi, mtoto wa kaka yako akupendaye hata ukimkatia simu,

Rhona